Kwa Kijiwe cha Manundu, Kutoka Barbados

 

Mjomba, dhumuni la barua hii ni kujibu ule ujumbe wako wa sauti, ulioutuma saa tatu asubuhi ya Korogwe, yaani saa nane usiku ya huku, mtu nimelala. Kesi nimeielewa. Kijiwe chenu hapo Manundu kimegawanyika. Kuna wanaosema fukwe za visiwa vya Karibi hazina mpinzani, na kuna wewe, unayesema Ushongo ya Pangani inazigaragaza zote. Na kwa kuwa mna mpwa anayesoma Chuo Kikuu cha West Indies, kampasi ya Cave Hill, mmenipa urefa bila posho. Nimeandika badala ya kurekodi kwa sababu sauti yangu ikiingia kwenye simu yako asubuhi, jioni itakuwa imeshafika Mombo.

Kwanza nitaje sifa zangu za urefa, maana najua zitapingwa. Mimi ni wa Handeni kwa baba na wa Korogwe kwa mama. Handeni maji tunayajua yakiwa ndani ya ndoo. Korogwe yapo, mto Pangani unapita, ila una mamba. Ndiyo maana ukoo mzima, kuumeni na kukeni, hakuna anayejua kuogelea. Mtu wa namna hiyo hababaishwi na rangi ya maji. Anachagua ufukwe kama alivyolelewa kuchagua kisima: njia ikoje, kina kikoje, nani mwenyewe, kivuli kipo, na je, kuna mtu aliyewahi kufia pale?

Tuanze na njia. Barabara ya lami ya Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65. Barbados yote, urefu wake ni kilomita 34, na upana 23 pale palipo papana zaidi. Maana yake ukipanda bodaboda hapo Korogwe kuja kwa Shangazi kule Chanika, Handeni, ukishapita nusu ya safari umetumbukia baharini. Vituo vya basi vina vibao vya aina mbili tu, kwenda mjini na kutoka mjini. Nauli ni dola tatu na nusu za hapa, uende mbali uende karibu. Mbili za hapa ni moja ya Marekani, piga hesabu, utakuta imevuka shilingi elfu nne. Kuna vibasi vinavyoitwa ZR, kutokana na herufi za namba zake, na humo hutajiona mgeni. Muziki unatikisa vioo, konda anakubana ukuta kwa ukuta, kisha anapakia mwingine juu ya neno "sogea". Na si hilo tu: mtu anayeingia ndani ya nyumba, duka au ofisi ya watu bila kutoa salamu, huku anahesabika hana malezi. Hapo nilijiona nimefika Handeni.

Upande wa magharibi ndio wa matajiri. Bahari ya Karibi imetulia, haina wimbi la kumwangusha mtoto, na kasa wanapita karibu na waogeleaji bila wasiwasi wowote. Hoteli zimepangana, na humo hulala watu ambao sura zao mmeziona kwenye televisheni. Sasa, kisheria fukwe zote za Barbados ni za umma. Hakuna tajiri mwenye mchanga wake. Lakini mchanga ni kitu kimoja na njia ya kuufikia ni kingine. Njia ya umma unakuta ni kichochoro kati ya kuta mbili ndefu, kina kibao kidogo ambacho aliyekiweka hakutaka kisomwe. Unapita humo kiubavu, umebeba kapu la chapati, unatokea upande wa pili na kukuta viti vya kukodi vimepangwa kwa safu. Bei ya kiti na mwavuli kwa siku sitaitaja. Shangazi ana presha. Mimi natandika kanga yangu mbele ya safu hiyo, kwenye mchanga wa wananchi.

Na mchanga wenyewe, Mjomba, ukisikia unakotoka utanyamaza. Ni mweupe, ni laini, watalii wanausifia na kuulalia kifudifudi. Kuna samaki pono, jamaa yao wale mnaowaona soko la Deep Sea pale Tanga, mwenye mdomo mgumu. Anang'ata matumbawe, anasaga, anakula chakula kilichomo, na yale mawe yaliyosagwa anayatoa kwa nyuma. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa huku ni kazi yake hiyo. Nilimsimulia mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa amelala jirani yangu. Aliinuka, akajikung'uta, akaenda kukodi kiti.

Jambo jingine ambalo mtu wa Pangani hataliamini: bahari ya huku haipwi sana. Kwetu maji yakitoka yanaondoka kweli, yanashuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, na kina mama wanafuata nyuma kutafuta pweza na chaza. Huku yanapanda na kushuka kama mita moja tu. Ukiacha ndala zako ukingoni asubuhi, jioni unazikuta zinakusubiri. Kwa asiyejua kuogelea hii ni neema kubwa, maana pale uliposimama jana na maji yakakufika kiunoni, leo pia ni kiunoni.

Hapo sasa nije kwenye ufukwe wangu. Unaitwa Batts Rock, chini ya mlima wa chuo, na kwenye vitabu vya wageni hautiliwi maanani sana. Nenda alfajiri, kabla ya jua. Utawakuta wastaafu: walimu, wauguzi, mafundi, mzee aliyeendesha lori la miwa. Hawaogelei. Wanaingia taratibu, kofia kichwani, miwani machoni, mpaka maji yawafike kifuani, kisha wanasimama duara. Kikao kinafunguliwa. Bei ya umeme. Nani kafariki. Timu ya kriketi inatia aibu. Malkia wa Uingereza walimwondoa kwenye ukuu wa nchi tarehe 30 Novemba 2021, wakawa jamhuri, na duara mpaka leo halijafikia mwafaka kama maisha yamekuwa nafuu. Mikono yote iko chini ya maji, kwa hiyo anayetaka kutilia mkazo hoja inabidi autoe mkono, na wajumbe wote wanalowa uso. Mzee wa lori ana hoja nyingi. Jua likianza kuchoma wanaahirisha, wanatoka mmoja mmoja, wanasema magoti yamepata dawa yake. Ni kijiwe chenu kile kile, Mjomba, kimepungukiwa kahawa tu.

Nami nimeshapokewa kama mjumbe mwalikwa, maji kiunoni, mkono mmoja umeshikwa na mwalimu mstaafu asiyependa mchezo. Ndiye anayenifundisha kuelea. Lala chali, anasema, tazama mbinguni, na nyamaza. Hujawahi kuona mtu anaelea huku anabisha. Kunyamaza ndiko kunakonishinda, na lawama nazipeleka kwa upande wa mama.

Kivuli cha Batts Rock nacho kina masharti. Kuna mti unaitwa manchineel, una matunda ya kijani kama tufaha dogo, yananukia vizuri, na ni sumu. Utomvu wake unababua ngozi, na mvua ikinyesha hata matone yanayodondoka kwenye majani yanaunguza. Mtu aliyewahi kukata mkonge shamba la Magunga anaujua muwasho. Basi ule ni salamu tu. Miti hiyo huwekewa kibao au kupakwa mduara mwekundu kwenye shina. Kila nikiona rangi nyekundu huku nahama, hata ikiwa ni gauni la mtu.

Shangazi ataulizia mavazi. Mwambie atulie. Kuvua juu ufukweni ni kosa kisheria, na ukiingia dukani na nguo ya kuogelea utatazamwa mpaka ukumbuke kwenu. Hata nguo za mabakamabaka ya jeshi raia haruhusiwi kuzivaa, mtoto wala mkubwa. Mimi kanga mbili zinanitosha, moja ya kuingilia majini na moja ya kutokea.

Kusini ndiko kwenye watu. Kuna ufukwe unaitwa Accra, kama mji mkuu wa Ghana, wenye mawimbi ya wastani, waokoaji juu ya kibanda, na njia ya mbao na zege kandokando ya bahari ambayo jioni wanaitembea watu wazima wanaokimbia kisukari. Mbele zaidi ni Oistins, mji wa wavuvi. Ijumaa usiku usile nyumbani. Samaki wanachomwa na kukaangwa mbele ya macho yako, moshi unaingia kwenye nywele, wazee wanacheza dansi za zamani na vijana wanawapisha. Chakula chao cha taifa ni ugali wa mahindi unaosongwa na bamia humo humo, kwa samaki mwenye mapezi ya kurukia juu ya maji. Mara ya kwanza niliuliza mboga iko wapi. Nikaambiwa umeshaila.

Mashariki ni habari nyingine. Bathsheba ni pazuri kuliko pote, nakiri, na hapafai kuogelea hata kidogo. Mawe makubwa yamesimama majini, na Atlantiki inafika pale ikiwa haijakutana na kizuizi chochote tangu Senegal na Gambia. Vijana wa ubao wanatoka duniani kote kuja kuteleza juu ya hayo mawimbi. Wenyeji wanajilaza kwenye vidimbwi vilivyo kati ya mawe, wanawatazama. Kwa kipimo cha kisima, Bathsheba imefeli swali la mwisho. Wala si mawimbi tu yanayotoka upande huo wa Afrika: kuna siku anga ya huku inafifia, jua linakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ni vumbi la Sahara, limevuka bahari nzima. Wataalamu wanalipima hapa kisiwani tangu miaka ya 1960. Mtu unakimbia vumbi la Handeni, ndugu yake anapanda upepo anakufuata.

Upande huo huo, tangu 2011, bahari imekuwa ikileta mwani wa kahawia unaoelea, sargassum. Ukirundikana ufukweni unaoza na kunuka mayai viza. Usidhani ni mali kama ule wanaolima kina mama wa Unguja. Huu haukaushwi ukauzwa. Lakini hapa chuoni kwetu wataalamu wameuchanganya na maji machafu ya viwanda vya pombe ya miwa na samadi ya kondoo wa hapa, wakapata gesi ya kuendeshea gari. Kondoo wenyewe hawana sufu, wana manyoya mafupi na tumbo jeusi. Ungewaona mnadani ungeapa ni mbuzi.

Hukumu sasa. Kwa picha, Bathsheba. Kwa tumbo, Oistins. Kwa familia yenye watoto na masufuria, kuna Bath, ule wa mashariki unaokingwa na mwamba, ambako makanisa hupeleka watu wao kwa mabasi na kila shina la mti lina wali wake. Kwa asiyejua kuogelea na anayependa ubishi, Batts Rock. Ushongo siwezi kuihukumu kwa haki, refa sijafika. Pwani yetu niliyoiona ni Raskazone, safari ya shule, na tulikatazwa kulowesha soksi. Naipa Pangani pointi moja ya historia, hata hivyo. Mkonge ulioijenga Korogwe asili yake ni upande huu wa dunia, Yucatán ya Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na mwaka 1893 ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, hapo hapo Pangani. Kwa hiyo wapinzani wako wakisema hakuna kizuri kilichovuka kutoka huku kikapenda kukaa Pangani, wajibu kwa hilo.

Kabla sijafunga, nina ombi. Niliposimulia kesi yenu kwenye duara, yule mwalimu alikaa kimya, kisha akatoa mkono majini. Anataka kuja. Pensheni yake ipo, magoti yake yapo kiasi, na anauliza maswali ambayo mimi sina majibu yake. Maji ya Ushongo yakitoka, yanarudi saa ngapi? Hicho kisiwa cha Maziwe, ambacho nilimwambia maji yakijaa kinazama chote, watu wanakwendea nini? Barabara ya kutoka Tanga hadi Pangani mvua ikinyesha ikoje? Na wazee wa huko huingia majini alfajiri, au wanaongelea nchi kavu?

Mjibu wewe mwenyewe, Mjomba, na umjibu ukweli, maana amefundisha miaka mingi na uongo anaujua kwa sauti. Ataanza na swali ambalo kijiwe hakijawahi kukuuliza: siku ile mlipokwenda Ushongo na Fuso ya harusi, ulishuka?

Mpwa wako.