Mhadhara Mkuu Kuhusu Mita 5,000, Uliotolewa Mwera na Gwiji Aliyekaa

Wazee wangu wa baraza, mheshimiwa mwenyekiti wa kitongoji, kina mama mliosimama pembeni kwa kuwa mabenchi yamekaliwa na wasio na kazi, na nyie vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima yangu au kwa kukosa abiria: asalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe, asifiwe.

Jina langu mnalijua. Cheo changu ndicho kinachohitaji kutangazwa. Mimi ni Gwiji wa Mbio Ndefu, Kata ya Mwera na vitongoji vyake, Pangani yote upande huu wa mto, na siku nikivuka na pantoni, hata upande wa pili. Cheo hiki sikupewa na mtu. Vyeo vya kupewa vina ila moja: aliyekupa hukunyang'anya. Changu nilijitunuku mwenyewe, na mpaka leo sijaona sababu ya kujitengua.

Hakosi mwenye kijicho atakayeuliza kama nimewahi kukimbia. Swali la kitoto hilo. Mkimbiaji huona migongo ya walio mbele na husikia vishindo vya walio nyuma, basi. Mbio nzima haioni. Anayeiona nzima ni aliyekaa. Nami, ndugu zangu, nimekaa.

Na hapo ndipo ulipo msingi wa elimu yangu, ambao nauweka hadharani leo bila malipo: siri ya mbio ndefu ni kukaa. Msicheke. Nitathibitisha.

Ushahidi wangu ni fainali ya mita 5,000 wanaume, Olimpiki ya Moscow, tarehe 1 Agosti 1980. Niliitazama kwa masikio. Wakati huo Tanzania Bara hakukuwa na kituo cha televisheni, tulikuwa na redio tu, na hilo ndilo lililonipa utaalamu. Mwenye televisheni huona alichoonyeshwa. Mwenye redio huona anachotaka.

Hoja ya kwanza. Mbio zile hazikuanzia uwanjani, zilianzia Dar es Salaam. Februari 1980 Rais Carter wa Marekani, aliyechukizwa na Wasovieti kuingia Afghanistan, alimtuma Muhammad Ali, bondia aliyeitikisa dunia, aje Afrika atushawishi tuisuse Moscow. Akashukia kwetu kwanza. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Mnaona? Bondia amevuka bahari, mwenyeji kakaa zake, na aliyekaa akashinda! Kenya, yenye wakimbiaji wa kutisha, ilisusa. Sisi tukaenda. Medali yetu ilianza na mtu ambaye hakuinuka kitini.

Kuna anayetaka kunikumbusha Olimpiki ya Montreal, 1976. Nimekuona. Ndiyo, mwaka ule hatukwenda, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza kwa makaburu wa Afrika Kusini na New Zealand haikufukuzwa kwenye michezo. Ndiyo, mkimbiaji wetu Filbert Bayi alibaki na rekodi yake ya dunia ya mita 1,500, ile ya dakika 3 na sekunde 32.2 aliyoiweka Christchurch mwaka 1974 huku John Walker akimfukuzia. Na ndiyo, dhahabu ya Montreal ikachukuliwa na Walker huyo huyo, mtu wa New Zealand. Kukaa kule kulikuwa kwa haki, tena kwa heshima, ila hakukuleta medali. Kila elimu kubwa ina jambo moja la kuachwa pembeni. Tumeliacha.

Hoja ya pili: mbio zenyewe. Mita 5,000 ni raundi 12 na nusu. Hiyo nusu huwachanganya wasiosoma, kwani wakimbiaji huanzia upande mmoja wa uwanja na kumalizia mwingine. Pale Moscow kila raundi, kwa wastani, ilikwenda kwa sekunde 64. Wewe wa bodaboda unayetikisa kichwa, kimbia raundi moja tu kwa sekunde hizo, kisha urudi unieleze, kama utakuwa bado unaweza kusema.

Kengele ya raundi ya mwisho ikalia. Miruts Yifter wa Ethiopia, mwenye kipara na miguu isiyojua huruma, alikuwa amebanwa kundini kama gari lililo katikati ya pantoni, ambalo haliwezi kushuka kivukoni Bweni mpaka la mbele litoke. Zimebaki mita 300. Mwenzake, Mohamed Kedir, akasogea. Hatua tu ya pembeni, njia ikafunguka, na Yifter akachomoka. Aliyemwandama ni kijana wetu Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, kwenye Ziwa Victoria. Kona ya mwisho, kisha sehemu iliyonyooka ya mwisho, Yifter mbele, Nyambui nyuma yake hakati tamaa, na Mfini Kaarlo Maaninka anawafukuzia wote wawili. Yifter: dakika 13, sekunde 20.91. Nyambui: 13, 21.60. Maaninka: 13, 22.0. Baada ya kilomita 5, tofauti ya dhahabu na fedha haikutimia sekunde moja. Ni muda wa mtu kubisha hodi, kabla hajaitikiwa karibu.

Wengine wakitazama wanasema Yifter alikuwa na kasi. Mimi nimemtazama Kedir. Kedir alifanya nini? Alisogea. Na kusogea, kwa kila aliyewahi kukaa kwenye benchi lililojaa, ndiyo nusu ya kukaa. Dhahabu ile ilitokana na adabu ya barazani!

Hoja ya tatu. Siku moja kabla, tarehe 31 Julai, Bayi naye alishuka uwanjani, safari hii mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Akafanya kama kawaida yake: akatoka mbele tangu mwanzo, akaacha pengo kubwa, dunia ikashika kichwa. Raundi ya mwisho pumzi ikamdai, na Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Bayi akapata fedha. Wakimbiaji wenyewe wana msemo, kukaa mgongoni, yaani kumfuata mwenzako kwa karibu, yeye akate upepo, wewe utunze nguvu. Malinowski alikaa. Bayi hakukaa. Nami ningemshauri, ila hakuniuliza.

Hoja ya nne ni chungu, kwa hiyo nitaipita upesi. Mwaka 1982 huko Brisbane, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Gidamis Shahanga alitwaa dhahabu ya mita 10,000 na Zakaria Barie akatwaa fedha, na kwenye marathoni Juma Ikangaa akashika nafasi ya pili nyuma ya Robert de Castella wa Australia. Nyambui baadaye aliuhama uwanja, akaingia barabarani na kushinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Kwenye Olimpiki, lakini, zile fedha mbili za Moscow ndizo medali zetu zote. Zote! Tangu wakati huo hatukuongeza wala hatukupunguza. Watu wasio na shukrani huita hali hiyo ukame. Mimi naiita uhifadhi. Taifa zima limekaa kwa umoja kuzilinda, huku sisi magwiji tukizihutubia.

Kuna mtoto pale nyuma amenyoosha mkono. Sema, mwanangu. Anauliza kuhusu Simbu.

Nilijua. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Felix Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros akapewa muda huo huo. Kilomita 42 zimekwisha, wameingia uwanjani wote wawili, na ikabidi picha itazamwe: Simbu ametangulia kwa sehemu tatu tu kati ya mia za sekunde moja. Mnasema kijana huyo ameivunja nadharia yangu kwa kukimbia. Hebu tazameni vizuri. Simbu alikaa mgongoni mpaka mita za mwisho kabisa. Petros kwenye utepe alijitupa, akalala chini. Na mimi nafundisha kukaa, sikufundisha kulala.

Huyo mtoto ana swali jingine. Anasema kiwanja chao cha shule hakina raundi iliyopimwa, kwamba mistari huchorwa kwa majivu msimu wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ukikaribia, mbuzi wakaifuta kabla mashindano hayajafika, na kwamba yeye hukimbia kila asubuhi kutoka mashamba ya mkonge mpaka darasani bila mtu kumpima muda. Anauliza atajuaje kama ana mbio.

Mwanangu, hilo ni swali la wanaokimbia, na huu ni mhadhara. Fanya hivi: chukua shilingi hizi, nenda dukani kwa Mpemba, uniletee maji ya chupa. Mimi nitakupima kwa saa yangu.

Ameondoka. Wakati tunamsubiri, nasoma maazimio. Moja: iundwe kamati ya mbio ndefu ya kata, mwenyekiti mimi. Mbili: kamati ipatiwe viti, tena vya kuegemea. Tatu: wanariadha washirikishwe bajeti ikiru...

Umesharudi? Na chenji juu? Leta maji hayo. Saa yangu, kwa bahati mbaya, sikuitazama. Azimio la tatu naliendeleza lilipoishia, na maswali hayapokelewi tena.