Jinsi ya Kufuga Spanieli Himbi, Goma, Bila Kuinama

Umeamua kununua mbwa. Usijidanganye kwamba ni kwa ajili ya wezi. Wezi wana mlinzi wako, ana rungu na filimbi, na wana ukuta wako wa mawe meusi ya volkano wenye vipande vya chupa juu. Wewe unataka koka spanieli: masikio marefu hadi kwenye bakuli, macho ya mtoto aliyenyimwa sukari. Unataka jirani mwenye gari kubwa apunguze mwendo mbele ya geti lako. Ni lengo halali kabisa, na nitakufikisha huko bila mgongo wako kuuma.

Kabla hajafika. Jifunze mambo mawili matatu ya kuwaambia wageni. Koka alizalishwa Uingereza ili afukuze kwenye vichaka ndege aitwaye woodcock, na jina lake limetoka hapo. Maana yake ni kwamba ameumbwa kukimbia porini kutwa, nawe unamleta kwenye parsele yenye saruji, tangi la maji na jenereta. Usilitafakari sana.

Tafakari kisa cha Nixon. Mwaka 1952 alikuwa mgombea wa umakamu wa rais wa Marekani, akabanwa kuhusu mfuko wa dola 18,000 kutoka kwa wafadhili. Akatokea kwenye televisheni, akajieleza, kisha akamtaja Checkers, koka ambaye watoto wake walipewa zawadi, akaapa kwamba huyo harudishwi. Watu wakalainika. Uchaguzi akashinda. Kama unafanya kazi kwenye mradi na wakaguzi wanakuja mwezi wa sita, umeshaelewa kwa nini nasema mbwa huyu si gharama.

Siku ya kwanza. Atakuja na wiki 8, mzito kama mfuko mdogo wa unga. Mpe jina la Kifaransa. Sisi tulichagua Bijou. Kufikia jioni sentineli wetu alikuwa akimwita Bizu, na watoto wa avenyu walikuwa wakimwita mbuzi, kwa sababu ya masikio. Mbwa aliitika kwa Bizu. Usibishane naye.

Usiku atalia. Wataalamu wanashauri umwekee sanduku karibu na kitanda chako, akusikie ukipumua. Kuna njia fupi. Mlinzi yuko macho hata hivyo, ana koti zito na mbabula ya makala kwenye kibanda chake. Atakuja dirishani saa nane ya usiku: “Patroni, mutoto iko analia.” Wewe jibu kwa sauti ya mtu mwenye mawazo makubwa: “Papa, kaa naye kidogo.” Hicho kidogo ndicho kitakachomaliza mwaka.

Mkojo. Inatakiwa atolewe nje kila baada ya saa mbili hivi, na mara tu anapoamka au kumaliza kula, kisha asifiwe. Nani ana nafasi hiyo? Kunja zulia, sema umegundua uzuri wa vigae.

Ila koka ana mkojo mwingine, ule wa furaha. Ukimwinamia kumsalimu akiwa bado mdogo, anaachia. Wengi huacha wakikua. Kwa sasa mpokee mgeni nje, umwache yeye amsalimu mbwa kwanza, na viatu vikilowa sema, “Amekupenda.” Mgeni atajivuna wiki nzima.

Chanjo. Hapa ujanja weka pembeni. Parvo inaua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, na chanjo yake hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12 hivi, na ugonjwa wenyewe ukishaonyesha dalili hauponi, kwa mbwa wala kwa mtu. Kwa hiyo chanja. Lakini hakuna aliyesema uende wewe. Mpakie mlinzi kwenye moto, yaani pikipiki ya kukodi, mbwa ndani ya koti, kichwa nje kama waziri. Daktari wa mifugo atauliza anakula nini, amejisaidia lini, anakohoa? Mlinzi atajibu yote. Wewe ungejibu, “Chakula.”

Meno. Kati ya mwezi wa 4 na wa 7 meno ya utoto yanatoka, ya ukubwa yanaingia, na kila kitu ndani ya nyumba kinaonjwa. Viatu hatafuni jozi, hutafuna kimoja kimoja, kwa haki. Mimi nilipoteza kiatu cha kushoto siku mbili kabla ya harusi ya shemeji. Weka mlangoni viatu vya ndugu aliyekuja kwa siku tatu na sasa ana miezi mitatu. Mbwa atasema yale ambayo wewe unaona haya kuyasema.

Chakula kisikusumbue. Fufu kidogo, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, nyingi. Onyo moja: kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, na mchuzi wetu bila kitunguu si mchuzi. Nilipolisema jikoni, niliambiwa kwamba mlinzi alishaomba tangu mwezi uliopita sambaza za Bizu zichemshwe peke yake.

Masikio. Sasa tumefika kwenye kazi yenyewe. Sikio la koka ni zuri kwa nje. Kwa ndani ni pango lenye joto ambalo hewa haiingii. Likilowa halikauki, lisipokauka linaoza, likioza utalinusa ukiwa sebuleni. Na hapa kwetu linafagia. Linafagia fufu, linafagia lile vumbi jeusi la volkano, linafagia majani ya uani yenye miba midogo inayong’ang’ania manyoya. Mbwa uliyemnunua akiwa rangi ya dhahabu atakuwa rangi ya barabara. Inabidi sikio lifunuliwe kila wiki, lipanguswe taratibu, likaushwe kila akitoka ziwani, na manyoya yachanwe mara kwa mara.

Njia yangu ni hii. Jumamosi mchana, simama dirishani na kahawa. Utamwona mlinzi amekaa juu ya bido la njano, redio chini, kidevu cha mbwa kwenye goti lake. Ameyafunga masikio kisogoni kwa kipande cha kitenge cha mkewe, ili yasiingie kwenye bakuli. Sasa analifungua moja, analilaza kwenye kiganja, anachomoa miba kwa kucha zilizojaa makala, mmoja mmoja, na kila mwiba anauonyesha kwa mbwa kabla ya kuutupa. Toa simu. Piga picha. Kisha ikate ule mkono usionekane, andika “Mimi na Bijou wangu”, uitume kwenye kundi la ukoo.

Matembezi. Jumapili, mchukue mwenyewe. Ndiyo siku ya kuonekana. Kamba fupi, miwani ya jua. Motari atasimama kuuliza bei ya mbwa. Taja mara mbili ya uliyolipa, ushushe sauti.

Njia usichague wewe. Upande huu wa mji una mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini, nzito kuliko hewa, ikajikusanya kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Haionekani. Mtu aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto anayetambaa anakufa. Mimi nilitaka kukata njia ya mkato kwenye bonde dogo saa kumi na mbili ya asubuhi. Mlinzi akaishika kamba. “Patroni, wewe uko murefu,” akasema. “Huyu iko chini.” Nikazunguka, nikajifanya ndiyo mipango yangu tangu mwanzo.

Kelele. Radi humtetemesha. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, haikuwa radi. Tulijificha chini ya kitanda, watatu, na sitasema nani alitangulia kuingia. Manyoya ya koka yanapasha joto vizuri sana.

Mwaka mmoja. Fanya sherehe. Alika wenye magari makubwa. Katikati ya hotuba, ita: “Bijou!” Mbwa atakutazama kama anavyotazamwa mkusanya kodi, kisha atapita katikati ya wageni mbio hadi getini na kulala juu ya buti za mlinzi. Usikunje uso. Sema, “Nimemfundisha ulinzi.” Piga makofi wa kwanza.

Baadaye mlinzi ataomba wiki mbili akamwone mama yake Rutshuru. Mruhusu, huna sababu ya kukataa ambayo unaweza kuitamka. Siku ya kwanza mbwa atalala getini. Ya pili hatakula, hata ukimchemshia sambaza kwa mkono wako, bila kitunguu. Jioni ya siku ya tatu, nunua inite, piga simu Rutshuru, weka spika. Chuchumaa. Sakafu ya saruji itakuchafua suruali, vumilia. Mwambie Papa aseme neno lolote, kisha sogeza simu karibu na mbwa, na kwanza mfunue sikio. Ni zito kuliko unavyodhani, na lina joto.