Diski Isiyozunguka

Wauza kompyuta mpakato wanadai diski ya SSD ni ya watu wenye haraka. Haya, karibuni kwetu Rungwa. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, kwa nyingi ni mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ambayo hata chembe ya moshi haipiti. Aliyeibuni hakuwahi kupanda basi la Itigi kwenye barabara ya vumbi na makorongo, kompyuta mapajani, kuku chini ya kiti. SSD ni chipu tupu, hakuna kinachozunguka. Kumbe ilikuwa rahisi kubadili kompyuta za dunia nzima kuliko kusawazisha makorongo yetu! Nyaraka sasa zitafika salama. Kiuno cha mwenye nyaraka bado ni cha mtindo wa zamani, na vipuri hakuna.