Jinsi ya Kunoa Patasi Bila Kukereza Chochote

Ukitaka kujua kama jirani yako anakereza mbao kweli, usihangaike na mabakuli yake. Omba uoneshwe kifaa chake cha kunolea. Kikiwa kimepakwa vanishi, basi mwenyewe hajakereza kitu tangu Ramadhani.

Nawe utafika huko. Anzia Wadi Kabir, hapa Oman, kwenye maduka ya vyuma, uulize bomba la mraba, futi mbili tu. Useme kwa Kiarabu, halafu kwa Kihindi chako cha Ruwi, halafu kwa mikono. Utauziwa bomba zima la mita sita. Lichukue bila ugomvi.

Mashine ya kunolea ifunge kwa bolti juu ya ubao mzito. Chini ya jiwe tengeneza njia ya mbao ambamo bomba litasogea mbele na nyuma, na kabari ya kulibana. Kwenye ncha ya bomba funga kigogo cha mti mgumu, ukitoboe kishimo. Kilichobaki ni kishikio: kipande cha mbao chenye tundu la kupitisha patasi, skrubu ya kuibana, na mguu wa nyuma unaokaa kishimoni. Ukiuyumbisha huku na huku, mdomo wa patasi unajigeuza mbele ya jiwe na mbavu zote mbili zinanoleka sawa. Siri ni hiyo tu, na madukani inauzwa ghali.

Patasi itokeze milimita 45 kila unoapo. Pigilia mezani kibao cha kupimia. Hapo ndipo ami yako atakapopita na kusema kwamba Unguja mafundi wa matendegu walinoa kwa jicho, na mashine yenyewe ya kukerezea ikizungushwa kwa uta. Mwitikie, "Naam, ami." Usimkumbushe kwamba aliondoka Unguja ana miaka sita.

Sasa paka wino kwenye mteremko wa makali, zima mashine, zungusha jiwe kwa mkono. Wino ukifutika kisiginoni peke yake, au nchani peke yake, sogeza bomba ujaribu tena. Ukifutika wote, pembe imekaa.

Yote haya yafanyie uani, saa saba mchana, Julai. Oman inakataza kumfanyisha mtu kazi juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti, lakini wewe huna mwajiri wa kumshtaki.

Patasi ya chuma cha kaboni ikigeuka buluu imepoteza ugumu, kwa hiyo ichovye majini mara kwa mara. Maji ya bomba la baridi hayafai: tangi liko juu ya paa, yanatoka yanaunguza. Chota kwenye hita ya bafuni, iliyozimwa tangu Mei ili nyumba ipate maji ya kuogea. Mkeo akiuliza ndoo inafanya nini uani, mwoneshe makali. Akiuliza yatakata nini, mwambie gogo la mkunazi bado linakauka, na likishakauka itabidi kwanza litengenezewe kifaa cha kulishikia.