Fundi, Usikimbilie Kupiga Windo

Mfyuu! Niacheni nisonye, jamani, jambo hili limenikaa kooni tangu Jumatatu. Tumekaa kijiweni chini ya mwembe hapa Ujiji, Kigoma, kahawa na kashata, mara anapita kijana fundi kompyuta, begi mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haraka ya wapi?"

"Naenda Mwanga kupiga windo kwa mama wa steshenari. Mashine inachelewa kuwaka, halafu modemu mpya haisomi."

Basi, kwa hayo mawili tu mashine ifutwe yote, Windows iwekwe upya! Mle ndani mna mikataba ya viwanja, barua za vijana wanaoomba mkopo wa chuo kwa Bodi ya Mikopo, picha za paspoti za nusu ya mtaa, na daftari la wadeni. Nakala nyingine mama huyo hana. Kijana angelipwa elfu kumi na tano, na mama angeanza upya kama aliyeunguliwa na duka. Nikamwambia, kunywa kahawa kwanza, twende wote. Tukapanda bajaji.

Ugonjwa wenyewe naujua, maana umeenea. Kabla ya simu kuwa na hotspoti, wengi wetu intaneti tuliipata kwa modemu ya USB, kile kijiti chenye laini ndani. Ukikichomeka, kinajiwekea programu yake, draiva zake (vijiprogramu vya kuzungumza na kifaa), na huduma inayokesha ikiisubiri modemu ichomekwe. Siku unaifuta programu, jina linaondoka kwenye orodha, lakini huduma na draiva mara nyingi zinabaki. Ni kama wavu uliokatikia ziwani: mwenyewe kesharudi Kibirizi kuanika dagaa, wavu bado unanasa, na propela ya boti ikipita inajizinga humo.

Tulipofika na kuwasha mashine nikamwomba kijana afungue Event Viewer, kitabu ambamo Windows huandika kila inapokwama. Hakuwahi kukifungua, na mafundi waliomfundisha hawakuwahi kumwonyesha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kila asubuhi, siku baada ya siku, mistari miwili ile ile: tukio namba 7009, kisha 7000. Maana yake, Windows imeisubiri huduma fulani milisekunde 30,000, yaani nusu dakika nzima, haikuitika. Na jina la huduma liko palepale: ni la modemu ambayo mama aliacha kuitumia zamani.

Sasa hapa ndipo mikono mingi inapoharibu. Kijana alitaka kuingia moja kwa moja kwenye folda ya System32\drivers akafute faili kwa mkono. Nikamshika mkono. Draiva nyingine zimejipachika katikati ya Windows na kifaa, na majina yake yameandikwa kwenye rejistri, daftari la mipangilio ya Windows, mahali panapoitwa UpperFilters na LowerFilters. Ukifuta faili jina likabaki, kifaa kinagoma. Kikiwa kibodi, huna hata pa kuandikia. Na draiva iliyowekwa kuwa ya lazima wakati wa kuwaka ikikosekana, mashine inaweza isiwake kabisa. Faili hufutwa mwisho, si mwanzo.

Kwanza tukanakili kazi zote za mama kwenye flashi yangu, tukaweka pointi ya kurejesha. Kisha tukafungua Device Manager, tukaiambia ionyeshe na vifaa vilivyofichwa. Lo! Modemu ile moja ilikuwa imeandikwa mara saba, zote rangi ya kijivu, maana kila tundu la USB ilipochomekwa iliacha alama yake. Tukaziondoa zote saba. Halafu kwenye dirisha la amri, tukiwa na ruhusa ya msimamizi, tukaandika pnputil /enum-drivers. Ikatoka orodha ya vifurushi vyenye majina kama oem23.inf, na jina la mtengenezaji kando. Kifurushi cha modemu ya zamani tukakitoa kwa amri ya /delete-driver. Modemu mpya ni ya kabila lile lile, ndiyo maana Windows ilikuwa ikiivika draiva kuukuu.

Ikabaki huduma. Kijana akaandika sc delete na jina lake. Jibu likaja: SUCCESS, lakini orodhani huduma bado ipo. Akaandika tena: kosa 1072, huduma imeshawekewa alama ya kufutwa. Akaandika mara ya tatu. 1072. Akashusha mikono. "Unaona, mzee? Imegoma. Tupige windo tu."

Haikugoma! Dirisha la orodha ya huduma alilolifungua yeye mwenyewe lilikuwa bado liko wazi nyuma ya lile la amri, nalo limeshikilia jina lile. Huduma ikiwa imeshikwa na programu yoyote, Windows inaitia alama tu na kusubiri iachiwe. Tukafunga madirisha yote, tukaristati. Orodhani haipo. Ndipo tukafuta folda yake, tukachomeka modemu mpya, taa ikawaka, mama akapiga vigelegele.

Kama huduma ile ingerudi tena, tungewasha kwa hali salama (Safe Mode), au tungeshusha Autoruns, programu ya bure ya Microsoft inayopaka njano kila kinachoita faili ambalo halipo. Ila chenye sahihi ya Microsoft usikiguse.

Na asiniambie mtu kwamba kupiga windo ndiyo ufundi. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, safari nyingi za ndege zikasimama. Mafundi walipewa dawa gani? Washa kwa hali salama, futa faili hilo moja, ristati.

Sisi wa Kigoma tunayo meli yetu, Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, mitambo wakiwa wameipaka grisi isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, wakaisafisha, na 1927 ikarudi kubeba abiria ziwani. Mji ulioona chuma kikitolewa chini ya Ziwa Tanganyika kikafanya kazi tena, leo ufute miaka ya jasho la mama wa watu kwa nusu dakika ya kuchelewa?

Vijana wangu, someni namba za makosa. Nanyi wenye mashine, fundi akitamka windo, mwambieni kwanza afungue Event Viewer mbele yenu, na mafaili yenu yawe yameshanakiliwa kabla hajagusa kitu. Mama wa steshenari keshanunua flashi yake mwenyewe, ya GB 32.