Majeruhi Hasogei

Ukimwona mgambo mtaani unajua kinachofuata. Muuza karanga anabeba ndoo yake, machinga anakunja turubai, na jamaa wa kwenye kijiwe cha kahawa wanaanza kujipapasa mifuko wakitafuta vitambulisho. Hiyo ndiyo sifa yetu mjini na sina ubavu wa kuibishia. Ninachotaka ijulikane ni kwamba kabla mtu hajakabidhiwa kirungu cha kumfukuzia muuza karanga, hupigishwa kwata miezi mingi uwanjani, na ndani ya miezi hiyo yote tulitengewa siku moja ya kufundishwa namna ya kumzuia binadamu mwenzako asife. Moja. Nung'uniko langu la leo linaihusu siku hiyo.

Mimi nilijiunga kwa ajili ya cheti, sifichi. Siku hizi ukiomba kazi ya ulinzi, hata ya kulinda banda la mkaa, swali ni lile lile: umepitia JKT au mgambo? Umri wa JKT ulinipita nikicheza bao, kwa hiyo nikaangukia Jeshi la Akiba, ndiyo mgambo wenyewe, pamoja na vijana wa bodaboda, mama lishe wa stendi, mhitimu wa chuo mwenye shahada ya biashara isiyo na biashara, na baba mmoja wa makamo aliyekuja, nadhani, kumkimbia mkewe. Sare nimenunua mwenyewe. Mabuti nimenunua mwenyewe. Bunduki ni ya mti, na fundi seremala aliyeichonga alinifuata kudai pesa yake hadi kwenye gwaride.

Wazee wetu hawakufuata cheti. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitoka Idi Amin akiwa ndiyo kwanza amempindua Obote kule Uganda, na Guinea ikiwa imetoka kuvamiwa na Wareno kutokea baharini. Ndipo ikasisitizwa kwamba wananchi wenyewe wafundishwe kuilinda nchi. Amin alipoingia Kagera mwaka 1978, mgambo walikwenda vitani kweli. Mjomba wangu alikuwamo. Akianza kusimulia, hataji risasi wala mizinga, anataja malengelenge. Anasema askari aliyeoza nyayo hafiki mahali penye risasi. Kwa hiyo nilipojiandikisha nilidhani tiba ingekuwa somo la wiki ya kwanza. Wapi! Mguu sawa, mguu pande, kulia geuka, nyuma geuka. Nimegeuka mpaka mke wangu akiniita nyumbani nageuka kwa kisigino.

Basi siku yenyewe ikafika. Baada ya mchakamchaka akaja afande wa tiba, sajini mwembamba mwenye mkoba wa kijani. Tukafurahi, maana mtu wa dawa hutarajiwa awe mpole. Akatusalimu kwa kuturusha kichura kutoka goli moja hadi la pili, akasema anataka mapigo ya moyo yapande ili tuyahesabu vizuri. Tukayahesabu. Yangu yalikuwa mengi, nikaambiwa nipunguze chapati.

Somo lilianza na damu. Mtu mzima, alisema, ana lita tano hivi, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kuzimaliza zinazomtosha kuishi ndani ya dakika chache. Kwa hiyo unaanza kuzuia damu inayomwagika kwa wingi, ndipo unaangalia njia ya hewa, kisha kifua, kisha mzunguko wa damu, halafu unamfunika asipate baridi. Hapo kwenye baridi tukacheka, kwa kuwa jua lilikuwa linachoma hadi kwenye meno. Afande hakucheka. Aliyepoteza damu nyingi hupoa hata akiwa Dodoma saa nane mchana, akasema, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Tukanyamaza. Huyu bwana alikuwa anajua kazi yake, na ndiyo maana nanung'unika: mtu wa namna hii analetwa siku moja, wakati yule wa kutufundisha kugeuka tunaye kila siku ya Mungu.

Ndani ya mkoba mlikuwa na ukanda halisi wa kubania damu, ule wenye kijiti chake. Ulikuwa mmoja kwa kombania nzima, na tuliruhusiwa kuutazama. Kwa mazoezi mama lishe mmoja alitoa kanga yake, ikachanwa mikanda, sisi tukatafuta vijiti. Jina la kanga likakatikia katikati, hadi leo hatujui jirani yake alikuwa anaambiwa nini. Unafunga upande wa juu wa jeraha, mkanda uwe mpana kidogo, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko. Unapitisha kijiti, unakaza hadi damu isimame, na hulegezi kumwonea huruma eti analia. Kisha unaandika saa.

Kwenye saa ndipo vita vilipozuka. Yule mhitimu wa chuo alimfunga mwenzake mguu, akachukua kipande cha mkaa, akamwandika kwenye paji la uso: 4:10. Afande akauliza ni nini hiki. Saa nne na dakika kumi asubuhi, afande. Jamani, afande aliruka! Mgonjwa huyu, akasema, atafika hospitali saa tano. Daktari atasoma 4:10 akadhani alifungwa alfajiri, karibu saa saba zilizopita. Mguu uliobanwa zaidi ya saa mbili unaanza kuharibika, ukipita saa sita hesabu umekwisha. Kwa hiyo mguu mzima, uliofungwa dakika hamsini tu, unaanza kufikiriwa msumeno. Andika 10:10! Baba wa makamo akanyoosha mkono: na daktari mwenyewe akiwa Mswahili kama sisi, si atasoma saa kumi? Kombania nzima ikapiga pushapu. Swali halikujibiwa, na mimi naliona ni swali zuri sana.

Ikafuata zamu ya kubeba majeruhi. Majeruhi mmojawapo nikawa mimi. Hakukuwa na kura. Afande alitupia macho mstari, akaona kilo zangu tisini na kitu, akasema ukiweza kumbeba huyu unaweza kumbeba yeyote. Nikavalishwa shingoni kadi iliyoandikwa kwamba mguu wa kulia umevunjika na fahamu sina, nikalazwa chini ya mwembe.

Sasa, anayeijua miembe anawajua majimoto. Wale chungu wekundu wanaojenga kwa majani huko juu, ambao hawana haja ya kuuliza wewe ni majeruhi wa kweli au wa mazoezi. Walianza na shingo. Nikajikuna. "Majeruhi asiye na fahamu hasogei!" Wakateremka ndani ya sare. Nikasema, afande, chungu. "Majeruhi asiye na fahamu haongei!" Kombania ilikuwa imetawanywa kwa majeruhi wengine, wale wenye kadi za kelele, maana kila aliyepewa kadi ya kupiga kelele aliipiga kwa moyo wote, na watu wema wakamkimbilia. Mimi nikabaki kimya na majimoto yangu.

Afande alilitumia hilo kama somo, na nakiri lilikuwa somo zito. Anayepiga kelele, akasema, anapumua. Kelele yenyewe ni ushahidi. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbilia. Ndiyo hesabu ya kupanga majeruhi wakiwa wengi: kadi nyekundu asiyeweza kusubiri, njano anayeweza kusubiri kidogo, kijani anayetembea, nyeusi ambaye huna tena la kumfanyia. Utaratibu huu wa kuangalia ukubwa wa jeraha bila kuangalia cheo cha mtu unahesabiwa kwa Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon. Miaka mia mbili na zaidi imepita, na bado kwenye foleni zetu za zahanati anayehudumiwa mapema ni mwenye sauti kubwa au mwenye shemeji ndani.

Nilibebwa hatimaye. Machela ilitengenezwa kwa mianzi miwili iliyopitishwa kwenye mikono ya mashati yaliyofungwa vifungo. Shati moja lilikuwa langu. Vifungo viliruka kabla hatujafika mstari wa kati, nikatua kwa kiuno, na vifungo hivyo pia nimenunua mwenyewe.

Mchana, baada ya ugali na maharage, tukafika kwenye moyo uliosimama. Sanamu la mazoezi hatuna, kwa hiyo kililazwa kiroba cha pumba. Unakandamiza katikati ya kifua mara 30, unapuliza pumzi mbili, unarudia. Kina cha sentimita tano hadi sita, mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Vijana wakaanzisha wimbo wa chenja ili wapate mwendo, na kwa kuwa chenja ikinoga haishikiki, kiroba kilipasuka. Afande akawaeleza kwamba ukienda mbio hivyo moyo haupati nafasi ya kujaa damu, unakandamiza chombo kitupu. Kuhusu pumzi mbili, hakuna aliyetaka kukipuliza kiroba mbele ya wenzake, kwa hiyo sehemu hiyo tunaijua kwa nadharia.

Kipindi cha maswali ndicho kilichonitisha, kwa jinsi tulivyokuja uwanjani tukiwa tumejaa tiba za kuua. Aliyeungua apakwe dawa ya meno? Hapana, maji safi yanayotiririka, dakika 20, na dawa ya meno ibaki kwenye meno. Mwenye kifafa awekwe kijiko mdomoni? Hapana, usiweke chochote. Ondoa vitu vigumu karibu yake, mgeuze ubavu mtikisiko ukiisha. Aliyeumwa na koboko tumchanje na kumnyonya sumu? Hapana tena, wala usifunge ule ukanda wa damu; kiungo kisisogezwe, mtu akimbizwe hospitali. Mama lishe mmoja akanong'ona kwamba basi bibi yake alikuwa muuaji. Afande akasikia, akasema bibi yako hakufundishwa, wewe umefundishwa.

Swali la mwisho lilitoka kwa dereva wa bodaboda, kijana aliyeona damu nyingi barabarani kuliko sisi wote tukijumlishwa. Afande, majeruhi ana shingo mbovu, gari la wagonjwa liko mbali, wananchi wenye huruma wameshamnyanyua kwa mikono na miguu wanataka nimpakie mshikaki, na nikimfikisha nitaulizwa fomu ya polisi, PF3. Nifanye nini? Afande akavua kofia, akafikiri. Akasema wazuie wasimnyanyue, shika kichwa kisicheze, bana panapovuja, tuma mtu mmoja apige simu 112. Habari ya PF3 akasema waulizwe wanaohusika na karatasi. Kisha filimbi ikalia. Muda wake ulikuwa umeisha, uwanja ulitakiwa kwa kwata.

Kesho yake tuligeuka kulia, tukageuka kushoto. Mtihani wa mwisho ni wa kwata na wa kutambua vyeo, damu haimo. Siku ya kufunga mafunzo atakuja mgeni rasmi, atakaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, na atasifu jinsi mikono yetu inavyopanda kwa pamoja. Ombi langu kwake ni dogo. Kabla hajatugawia vyeti, mheshimiwa amlaze mtu mmoja chini, amchague kuruta yeyote, aulize: huyu hapumui, unaanzia wapi? Asiyejua arudishwe uwanjani, na afande wa tiba aongezewe siku hata ikibidi kugeuka kupunguzwe. Ila huyo wa kulazwa chini atafutwe mwingine, mwembamba, na mbali na mwembe.