Sifa za Tiketi ya Kebo

Washairi wa pwani wameusifu mnazi, wakamsifu nahodha, wakawasifu mabibi harusi wasiohesabika, na walipoishiwa wakawasifu hata watawala. Lakini sijasikia hata beti mbili zilizotungwa kwa heshima ya tiketi ya gari la kebo, wala neno moja jema kuhusu ile kazi ya kuikata mtandaoni, usiku wa manane, mtu kakunja uso mbele ya simu na chaji inaelekea kuisha. Watu wakiitaja huguna tu. Nimeona dhuluma hii iishie hapa. Na nisije nikaambiwa nasifu kitu cha hewani, nimechagua moja inayojulikana: tiketi ya kupandia Table Mountain, ule mlima wa kilele bapa unaoutazama mji wa Cape Town kwa juu kama mdai anayemtazama mdaiwa wake.

Msifiwa lazima atajiwe nasaba. Watu wa Cape Town walianza zamani kutamani kufikishwa juu bila kutoka jasho. Mwaka 1912 palikuwa na mpango wa kujenga reli ya kuparamia mlima. Vita vya dunia vikaja vikauzima. Mwaka 1926 mhandisi kutoka Norwei, Trygve Stromsoe, akaleta wazo la kamba za chuma, matajiri wa mjini wakatoa mtaji, na tarehe 4 Oktoba 1929 kebo ikaanza kazi. Vibanda vya sasa vililetwa mwaka 1997. Ni vya mviringo, kimoja kinabeba watu 65, na sakafu yake huzunguka duara zima njiani, ili kila abiria aone bahari, mji na jabali bila kumpiga mwenzake kiwiko. Safari nzima ni dakika tano hivi. Kuikatia tiketi huweza kumeza usiku mzima, na hapo ndipo uungwana wa tiketi unapoonekana: kampuni inauza dakika tano, tiketi inakuongezea saa saba za bure.

Inaanza kwa swali la upole: siku gani? Kisha: asubuhi au mchana? Ya asubuhi ni ghali zaidi. Kuanzia saa saba mchana bei hushuka. Msafiri aliyeko Arusha au Kisumu, ambaye hajawahi kuiona Cape Town hata kwa dirisha la ndege, anatakiwa atabiri anga la huko wiki tatu zijazo, na atabiri kwa pesa yake mwenyewe. Nitajieni mwalimu mwingine anayemwamini mwanafunzi kiasi hicho. Hapo mtu aliyekuwa hajali kama kuna mvua au jua hugeuka mnajimu. Atajua mawingu, atajua kasi ya upepo kwa kilomita, ataanza kusema "shinikizo la hewa" mbele ya wakwe zake.

Maana upepo ndio mwenye mlima. Kiangazi cha huko, kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati watalii wamejaa, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa ubabe. Wenyeji wa zamani waliuita Daktari wa Cape, wakiamini kwamba unafagia maradhi mjini. Ukipanda mlima ukiwa na unyevu wa bahari, huweka juu yake wingu jeupe ambalo wenyeji wanaliita kitambaa cha meza. Hekaya inasema ni moshi wa mharamia mzee, Van Hunks, anayeshindana na shetani kuvuta kiko. Kwa vyovyote, daktari au mharamia, akizidisha, kebo husimamishwa. Watu wakiwa wameshafika juu, king'ora hulia, na waliokuwa wakipiga picha hukimbilia kibanda cha kurudi. Msimu wa baridi nao una zamu yake: karibu kila mwaka, mwezi wa Julai au Agosti, kebo hufungwa kwa siku kadhaa ikifanyiwa ukarabati. Wanaosubiri likizo za shule ndio hupenda kuligundua jambo hili wakiwa wameshalipia hoteli.

Tiketi inajua yote haya, na haifichi. Haikuahidi kilele. Inakupa siku uliyoichagua, pamoja na muda wa nyongeza wa siku chache iwapo upepo utakataa, kisha inakuachia wewe, Mola wako na mawingu. Wapo wanaouona huu kuwa ulaghai. Mimi nauona kuwa urithi. Babu zetu waliopanda majahazi kwenda Maskati na Malabar walikwenda kwa upepo wa kusi wakarudi kwa upepo wa kaskazi, na aliyechelewa msimu alikaa ugenini miezi, akaoa, akajenga, wajukuu wake wako huko mpaka leo. Meli ya moshi ilituharibia utaratibu huo, ndege ikaumaliza kabisa. Leo mtu anakunywa chai Dar es Salaam na kula chakula cha usiku Johannesburg, na hajui upepo ulitokea wapi. Ni tiketi ya kebo peke yake iliyobaki kumshika mkono msafiri wa kisasa, mwenye kadi ya benki na miwani ya jua, ikamrudisha palepale alipokaa babu yake: ufukweni, mizigo imefungwa, macho juu, anangoja. Tena babu alikuwa na nafuu. Upepo wake ulikuwa na adabu ya msimu; ulikuja mwezi wa nne, watu wakaupangia hata harusi. Daktari wa Cape anaweza kuanza zamu saa nne asubuhi, akapumzika saa kumi, na wewe ulinunua ya asubuhi.

Sijafika kwenye malipo, ambako tiketi inamfahamu mtu kwa undani kuliko jirani zake. Fomu za malipo za ughaibuni hutaka anwani kamili, mtaa, namba ya nyumba na postikodi. Mtu amekua vizuri kwa sanduku la posta la shule ya msingi, amesoma, ameoa, amezika, barua zote zimemfikia. Sasa inabidi ampigie kaka yake mkubwa: "Kaka, hivi postikodi ya kwetu ni ngapi?" Swali hilo halikuwahi kuulizwa katika ukoo. Mzee anaamshwa. Mzee anasema nyumba yao iko nyuma ya mashine ya kusaga, na kila mtu anajua. Yote ni kweli, ila fomu haina kisanduku cha mashine ya kusaga.

Kisha benki hutuma namba ya uthibitisho. Huituma, bila shaka, kwenye laini iliyoachwa nyumbani. Namfahamu mjomba mmoja aliyekuwa tayari Afrika Kusini wakati laini yake ilikuwa Temeke, mikononi mwa mpwa wake, kijana mtiifu sana.

"Mjomba, meseji imeingia."

"Haya, nisomee namba."

"Lakini hapa wameandika nisimpe mtu yeyote."

Mjomba akanyamaza. Ndiye aliyemlipia kijana huyu ada, ndiye aliyekuwa akimwonya kila Idi kuhusu matapeli wa simu, na sasa mafunzo yake yalikuwa yamekomaa usiku ule, saa sita na robo, huku muda wa namba ukihesabika kurudi nyuma. Hakujua amkemee au ampongeze. Walipomaliza kuelewana, namba ilikuwa imekufa na ukurasa umemrudisha mwanzo, achague siku. Nasema hivi: kama kuna mtihani bora zaidi wa kumpima mtoto uliyemlea, wanasaikolojia wautaje.

Na kama mnasafiri kundi, tiketi itawapima wote. Kuna yule shemeji anayeandika kwenye kundi la simu, "Wewe kata tu, tutarudishiana huko mbele." Kuna mwenye kupendekeza mngoje bei ishuke, kwenye kitu ambacho bei yake haishuki ila mchana. Kuna mtu wa nne, siku zote yupo, anayejibu kwa kidole gumba tu, na hujui kidole kile kinamaanisha nakuja, nimeona au nimelipa. Kabla hamjapanda hata hatua moja, mnajuana. Safari nyingi zimenusurika kwa sababu zilivunjikia kwenye tiketi.

Hata ikishindikana, bado inafaa. Mlima ukifungwa, maelfu ya watu wenye tiketi nzima mkononi humwagwa mjini bila mpango, na mji unafaidi. Wengine hushukia Bo-Kaap, mtaa wa nyumba za rangi kali chini ya Signal Hill, ambako wazee wa wenyeji waliletwa utumwani na uhamishoni na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, India, Bukini na hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Huko kuna Msikiti wa Auwal, wa kwanza katika Afrika Kusini, uliokuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 18, na kuna sambusa za moto ambazo hazikuwahi kuwekewa nafasi mtandaoni. Mswahili aliyepanga kupiga picha juu ya jabali anajikuta ameketi na mzee mwenye jina kama la baba yake. Nadhani kwa hilo Daktari wa Cape angestahili kulipwa na bodi ya utalii, ila sijui postikodi yake.

Wabishi wapo. Husema mlima ni wa Mungu, watu waliupanda karne nyingi bila tiketi. Kweli kabisa, na mfano wao mpendwa ni Mreno António de Saldanha, anayetajwa kuwa Mzungu wa kwanza kuupanda, mwaka 1503. Tuutazame basi. Saldanha aliingia ghuba ile kwa kupotea. Hakuwa na uhakika kama ameshaizunguka rasi au bado. Akapanda juu achungulie. Hakuchagua asubuhi wala mchana, hakulipa chochote, hakuulizwa anwani. Lakini mwaka huohuo nahodha mmoja wa msafara wake, Ruy Lourenço Ravasco, alifika Unguja, akateka vyombo, akamlazimisha mtawala akubali kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Hesabu yangu ni hii: mkuu wa msafara alipanda bure, sisi tukalipa. Unguja ilikwisha kukatiwa tiketi ya Table Mountain miaka 426 kabla kebo haijafunguliwa, na hatukupewa hata risiti. Ya sasa, pamoja na maudhi yake, hulipwa na yule anayepanda.

Wabishi wa kundi la pili ni wenye magoti. Hawa hupanda kwa miguu kupitia bonde la Platteklip, njia ileile inayosemekana Saldanha alipita, saa mbili au tatu za ngazi za mawe, bila malipo, na wakifika juu huwatazama wa kibandani kwa huruma isiyo ya kweli. Nawaheshimu. Lakini waangalieni ikifika alasiri, mapaja yanatetemeka, jua limewakausha: ndio hao kwenye foleni ya tiketi ya kushuka tu. Na upepo ukianza wakati huo, wanashuka walivyopanda, wakiwapita pimbi waliojilaza juu ya miamba, wanyama wanene wasio na haraka ambao wataalamu wanasema ni ndugu wa tembo, na ambao ndio pekee mlimani pale waliofanikiwa kukaa nje ya mfumo mzima.

Kuna pia tiketi ya kupita foleni, ya bei kubwa, kwa wenye haraka. Siisifu. Inamnyima mtu mateso aliyoyafuata, na upepo ukivuma hushuka naye kwa king'ora kilekile.

Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilisema inafikiria kuweka kebo Kilimanjaro. Wapagazi na waongoza watalii wakapinga kwa kuhofia mkate wao, na mimi, pamoja na mapenzi yangu yote kwa tiketi, niko upande wao: mtu anayepanda kwa njia ya Machame na mzigo wa kilo 20 asinyang'anywe kazi na kamba. Ila iwapo siku moja mradi utarudi mezani, nina pendekezo dogo kwa wahusika. Waanze na tiketi, nguzo zije baadaye. Wafungue ukurasa wenye asubuhi na mchana, wadai postikodi, watume namba za uthibitisho kwa laini zilizoachwa Temeke. Katika miaka mitano watakuwa wamekusanya mapato bila kuchimba shimo hata moja, na wapagazi wataendelea na kazi yao, wakiwapandisha kwa miguu watu waliochoka kungoja namba.

Na kwa wasioamini mtandao, pale chini ya Table Mountain lipo dirisha la kukatia tiketi. Bei yake huwa juu kidogo kuliko ya mtandaoni. Foleni yake ina sifa zake peke yake, ndefu kuliko hizi zangu, na anayetaka kuzitunga aende Desemba, asubuhi, abebe kofia na maji.